Mtani wa Kwenye Simu

Masanja Ngolo alikuwa muuza mchele pale sokoni Uyole, na kwa miaka minne alikuwa na rafiki wa chanda na pete ambaye hakuwahi kumwona hata kivuli. Ukimwambia Minza, mkewe, kwamba urafiki wa namna hiyo upo, atakukazia macho na kukuuliza kama na wewe umeanza.

Walikutana kwenye chama. Si chama cha siasa, bali chama cha watu kama kumi na watano waliozipenda riwaya za marehemu Sosthenes Lugano, mtu wa Tukuyu aliyeandika vitabu tisa vya upelelezi, kisha akafa na gazeti lisiandike hata mstari. Vitabu vyenyewe havichapwi tena. Mama Tusekile wa Ilomba, mkutubi mstaafu, ndiye aliyewaokota wapenzi wa riwaya hizo mmoja mmoja, huyu Songea, yule Dodoma, mwingine Kigoma, na kila Jumapili saa tisa alasiri walikutana kwenye simu wakisoma kurasa chache kwa zamu na kubishana mpaka mate yakauke. Sheria ya Mama Tusekile ilikuwa moja: kamera zizimwe, bando lisiishe. Kwa hiyo walijuana kwa sauti. Ungeweza kupishana na mwenzako stendi ukamkanyaga mguu na usijue.

Masanja alikulia bonde la Usangu, ambako baba yake alihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga. Akichunga, alisoma kitabu kimoja cha Lugano alichoazimwa na mwalimu wake, kimechanika mwisho, kurasa kumi na moja hazipo. Miaka thelathini alizeeka nacho moyoni bila kujua ni nani aliyemuua karani wa mizani. Jumapili yake ya kwanza chamani hilo ndilo swali aliloanza nalo. Wenzake wakapiga kelele asiambiwe, atafute kitabu asome. Ndipo ikasikika sauti nzito, ya taratibu, yenye mikwaruzo, kutoka Iringa.

"Mimi ninacho kizima. Mwacheni, nitamsomea."

Huyo alikuwa Mwalimu Liberatus. Wengine walipokata simu yeye akabaki, akamsomea kurasa zote kumi na moja, akikohoa kila baada ya aya mbili, na mvua ya Iringa ikigonga bati lake. Alipomaliza, Masanja alishindwa hata kusema asante.

"Msukuma," Mwalimu akaita, "umelala? Au unahesabu ng'ombe?"

"Nakungoja wewe umalize ulanzi, Mhehe. Nasikia unagugumia."

Utani ukaanza hapo. Kama Wahehe na Wasukuma ni watani kweli, hilo waulize wazee. Wapo wanaosema ndiyo, tangu enzi za misafara, na wapo wanaokataa katakata. Hawa wawili hawakumwuliza mtu. Kila Jumapili Mwalimu alifungua kikao kwa "Mwangaluka!" saa tisa alasiri, makusudi mazima, ili Masanja amfokee kwamba hiyo kwa Kisukuma ni salamu ya asubuhi. Masanja naye alimwita mlevi, kikongwe, mwizi wa vitabu vya shule. Nusu ya wanachama, tuseme ukweli, walikuwa wanakuja kuwasikiliza hao wawili na wala si Lugano.

Lakini wenzao wakishaondoka, sauti zilishuka na mazungumzo yakawa mengine. Mwalimu alikuwa mgane, na bintiye Eveline alikuwa na cherehani yake mjini, siku za kazi hashindi nyumbani. Minza alipolazwa wiki tatu, Mwalimu alipiga simu kila siku jioni, bila utani hata chembe, akiuliza amekula nini na amelalaje. Ndugu wa tumbo moja na Masanja hawakufanya hivyo. Masanja aliliweka moyoni jambo hilo, akajiapiza kwamba siku Mwalimu akihitaji mtu, mtu huyo atakuwa yeye.

Siku hiyo ilifika mwezi wa tatu, mwisho wa kikao, watu wote wakiwa bado hewani.

"Mtani," Mwalimu alisema, "Alhamisi wananipasua tumbo. Njoo Jumatano. Nataka nikuone sura kabla hawajanifungua."

Masanja aliisikia sauti ile. Alikuwa ameisikiliza miaka minne, alijua inavyopinda ikitania na inavyonyooka ikisema kweli, na safari hii ilikuwa imenyooka. Alijua. Asije mtu akamtetea kwamba hakujua. Lakini wanachama kumi na watatu walikuwa wameshika simu wakingoja jibu lake, kama walivyolingoja kila Jumapili, na kumjibu mwanaume mwenzake kwa upole mbele ya umati kulimtia haya. Akaropoka.

"Nije kuona nini? Siji ng'o! Wewe kufa tu, mimi nitakuja msibani kula ubwabwa."

Simu ililipuka kwa vicheko. Mtu wa Kigoma alicheka mpaka akapaliwa. Mwalimu alicheka wa mwisho, akakohoa.

"Haya, mtani. Nimekusikia."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kubaki. Wenzake walipoaga, Masanja naye akaaga, akidai kuna mteja. Jumapili, duka limefungwa, mteja gani?

Jumatatu alishika simu akaiweka. Jumanne akamwambia Minza habari yenyewe, na Minza akamwuliza lini anaondoka. Akasema ataona. Jumatano kulinyesha tangu asubuhi, soko likapooza, na alikaa kibandani nyuma ya magunia akitazama mabasi ya Iringa yakipita barabarani. Moja lilisimama mbele yake kabisa, konda akamwita kwa mkono. Akatikisa kichwa. Hakuna kilichomzuia. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na kazi ya kumfunga, nauli alikuwa nayo mfukoni. Aliogopa tu. Kwenye simu alikuwa mtani hodari. Kando ya kitanda angekuwa muuza mchele mwenye mikono ya pumba, asiyejua la kumwambia mwalimu mgonjwa. Akajidanganya kwamba atampigia Ijumaa, akishaamka, na watacheka vizuri zaidi.

Ijumaa asubuhi Mama Tusekile aliandika kwenye kundi: "Wapendwa, Mwalimu wetu hakuamka. Ugonjwa ulikuwa umeshasambaa, na moyo haukuhimili. Mazishi Jumapili, kijijini kwao Tanangozi." Masanja alisoma mara tatu, kisha akamtukana konda wa juzi, mtu asiye na kosa lolote.

Alifika Tanangozi Jumapili saa nne, na kiroba cha mchele begani. Kulikuwa na turubai, wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanaume wanachimba kaburi nyuma ya mahindi. Hakumjua mtu na hakuna aliyemjua. Alimwendea mama aliyekuwa akigawa vikombe vya chai, akasema, "Poleni na msiba." Mwanamke mwingine aliyempa mgongo, wa miaka thelathini na kitu, mwenye khanga kiunoni na macho yaliyovimba, akageuka kwa ghafla.

"Wewe ndiye Masanja."

"Umenijuaje?"

"Nimekusikia kila Jumapili kupitia ukutani. Mimi ni Eveline." Akakipokea kiroba, akakiweka chini, akamvuta pembeni kwenye ukuta wa jiko. Hakupandisha sauti. "Jumatano ulikuwa wapi?"

Masanja akatazama kiroba chake pale chini.

"Maana baba alikungoja. Asubuhi aliniambia nimletee shati jeupe hospitali, lile la Pasaka. Nikamwambia, baba, kwani mtu alisema anakuja? Mimi mwenyewe nilisikia ukisema huji ng'o. Akanicheka. Akaniambia, wewe mtoto hujui utani. Mtani akisema haji, huyo yuko njiani." Eveline alifuta pua kwa ncha ya khanga. "Chakula cha mchana akakataa, eti hawezi kula mgeni hajafika. Kila mlango ukifunguliwa anainuka. Aliwaambia wauguzi wote, mtani wangu anatoka Uyole, mpitisheni hata kama muda wa kuona wagonjwa umeisha. Saa kumi na mbili nikamwambia nikupigie. Akakataa. Akasema utaona aibu ukidhani tunakusukuma. Labda mvua imeharibu barabara."

"Barabara ilikuwa nzima," Masanja akasema.

"Najua."

Masanja alitamani Eveline ampige kofi, amfukuze, amwite jina lolote. Hakufanya. Alisema tu kwamba baba yake, kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, aliacha agizo: kama mambo yatakwenda vibaya, wa kutania kaburini awe Masanja na si mwingine.

"Siwezi," Masanja akasema.

"Utaweza. Hilo ndilo unaloliweza."

Kasheshe ikazuka. Mdogo wake marehemu, mzee Sifaeli, alipoambiwa alikuja juu. "Mtani gani? Watani wetu sisi ni Wangoni, na Wangoni wapo, wale pale wanachimba. Huyu Msukuma wa kwenye simu ametokea wapi? Hata kijiji hakijui!" Masanja alikuwa upande wake kwa roho yote. Aliomba mzee ashikilie hapo hapo asilegee. Lakini Eveline alisema agizo la baba ni agizo la baba, na katekista naye akaunga mkono, na mzee akanyamaza kwa kununa.

Ibada iliisha, wasifu ukasomwa, jeneza likawekwa kando ya shimo. Eveline akamvalisha Masanja koti la baba yake, kama ilivyo desturi. Mtani humwigiza marehemu: alivyotembea, alivyokaa, alivyoshika kikombe. Masanja hakujua hata kimoja. Mtu huyu alitembeaje? Alikuwa mrefu? Koti lilimwambia kwamba alikuwa mwembamba, basi. Kitu pekee alichokuwa nacho cha Mwalimu ni sauti.

Akaitoa hiyo sauti. "Mwangaluka!" akasema, nzito, ya taratibu, yenye mikwaruzo, na kikohozi chake nyuma.

Umati mzima ukashtuka. Wanawake wakashika vinywa. Ilikuwa ni yeye, Liberatus mwenyewe, amesimama kando ya jeneza lake. Kisha wakaangua kicheko, kile kicheko cha msibani kinachotoka pamoja na machozi, na hata mzee Sifaeli mdomo ukamcheza.

Masanja aliona kwamba hapo ndipo penyewe. Asiposema leo hatasema tena.

"Mtani," aliendelea kwa sauti ya Mwalimu, "Alhamisi wananipasua tumbo. Njoo Jumatano, nikuone sura." Akageuka upande wa pili, akajijibu kwa sauti yake mwenyewe. "Siji ng'o! Wewe kufa tu, nitakuja kula ubwabwa!"

Kicheko kilipasuka. Mchimba kaburi mmoja wa Kingoni akaegemea jembe lake.

"Na sikwenda!" Masanja akapaza sauti. "Jamani, nisikilizeni. Aliniita, sikwenda. Basi lilisimama mbele yangu, nikatikisa kichwa. Amevaa shati jeupe ananingoja, hali chakula, mimi nimekaa nyuma ya magunia. Mimi nilimwonea haya!"

Walikuwa wanagaragara. Bibi mmoja alikuwa akijipigapiga mapaja, anamwambia mwenzake kwamba tangu azaliwe hajasikia utani wa namna hii.

"Nasema kweli!" Masanja alilia, na machozi yalikuwa yanamtoka kabisa kabisa, yanaingia kwenye kola ya koti la watu. "Si utani huu! Nasema kweli!"

"Anasema kweli!" kijana mmoja akadakia, na watu wakapiga makofi.

Akamtafuta Eveline. Alikuwa amesimama upande wa kichwa cha jeneza, mikono ameifumbata, katika umati wote yeye peke yake hacheki. Walitazamana. Kisha Eveline akainama, akachukua udongo, akamngoja padre.

Jeneza lilishushwa, shimo likafukiwa, maua yakawekwa. Masanja alikuwa anavua koti ili alirudishe na kuondoka zake alipoona mzee Sifaeli anamjia, mikono miwili mbele, uso umemlegea kwa kicheko na kilio. Mzee akaushika mkono wake akaubana.

"Nilikukosea, Msukuma. Nisamehe. Wewe ndiye mtani wetu hasa," akamwambia. "Na mimi siku yangu ikifika, nitakuita. Uje."