Jumanne Kliwon

Binti yangu Lasmi alikuwa na sauti ya kupasua soko zima. Akiuza gethuk yake, muhogo uliopondwa kwa sukari ya mnazi, wateja walimsikia kabla ya kumwona. Huku kwetu mlimani rovu si ajabu. Bibi yangu alikufa nalo likining'inia kama papai. Kwa hiyo Lasmi alipoota lake hatukuhangaika, mpaka chakula kikaanza kumkwama.

Dokta Prihatna, mpasuaji wa hospitali ya wilaya, alimpapasa shingo, akamchoma sindano ya kipimo. Akasema humo mna uvimbe mbaya, ila bado mdogo, utolewe mapema. Akaandika tarehe.

Nyumbani nikahesabu. Zile siku zetu tano za soko nikazipanga na zile saba za wiki, tarehe ikaangukia Jumanne Kliwon, Jumanne inayokutana na siku ya soko iitwayo Kliwon. Baba yake Lasmi alikufa Jumanne Kliwon. Siku aliyofia mzazi hatuanzi jambo, hata mbegu hatutii ardhini.

"Mama, hili rovu halijui Kliwon," Lasmi akasema, anamenya muhogo.

"Baba yako anaijua."

"Basi si anilinde? Au huko aliko kanisahau?"

"Usimtanie marehemu."

Akacheka. Akanitazama, akaona silegei. Kesho yake akaenda kuomba tarehe nyingine. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: hakuamini, alinitii tu.

Foleni ilikuwa ndefu, tukasogezwa miezi mitano. Alhamisi Legi, siku safi kabisa. Mwenyewe niliisifu.

Siku hiyo Dokta alitoka chumba cha upasuaji akakaa kando yangu kwenye benchi.

"Bibi, tezi tumeitoa yote. Lakini uvimbe ulikuwa umeshauzingira mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Ilibidi niukate mshipa huo pamoja nao."

"Na kama tungekuja ile Jumanne?"

Akavua kofia yake ya kitambaa, akaikunja mara mbili.

"Bibi, mwanao yu hai. Tushukuru hilo."



Sasa Lasmi anameza kidonge kila alfajiri, na akisema ni kama mtu anayepuliza moto. Sokoni hugonga kijiko kwenye sinia. Tarmi, muuza pilipili wa jirani, humtania, "Lasmi, siku hizi mke mwema, hufoki." Lasmi hucheka, mabega yanatikisika, mlio hakuna. Hajawahi kunilaumu. Angenilaumu ningepumua.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wajukuu ninao wanne, na huyu wa tano ndiye anayelala kitandani kwangu.

Jumanne Kliwon hurudi kila baada ya siku thelathini na tano. Zamani siku hiyo sikutoka nje. Sasa naenda sokoni na Lasmi. Yeye anagonga sinia, mimi naita wateja, na sauti yangu ya kizee haifiki hata kwa Tarmi.