Acha Nilie Asikie

Daktari hakupindisha maneno. "Dawa kali ipo. Lakini siwezi kuitoa iende kwenye nyumba anayokaa mtu aliyekuwa teja wa dawa za kulevya. Mdogo wako bado yupo pale?"

"Alishahama," nikajibu, macho makavu.

Hakuwa amehama hata kidogo. Fundi, kama tunavyomwita, alikuwa barazani kwetu akishona viatu vya watu huku vyake vina matundu. Aliacha kuvuta unga mwaka jana, akabaki mifupa na haya. Lakini mama alianguka na gunia pale mashine ya kusaga, na tangu hapo mgongo unamliza kutwa. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na uchungu wa mzazi, aujuaye nani? Nilikuwa nimechoka kuusikia.

Nikavishonea vidonge alivyonipa ndani ya mto wangu. Mama akameza kimoja bila kuuliza, akalala kama mtoto aliyeshiba. Nikakaa kando ya kitanda nikalia kwa furaha.

Fundi akaja mlangoni, kiatu cha mteja mkononi.

"Mama kanyamaza," alisema.

"Sasa hilo nalo baya?"

"Dada, dawa ya dukani haimnyamazishi mama. Hiyo nyingine naijua. Tangu asubuhi sijatoboa hata tundu moja, naiwaza hiyo tu."

"Hujui nilipoiweka."

"Nikibaki nitapajua."

Akakusanya nyundo, sindano na gundi. Nilimsihi akae, akatikisa kichwa. Alikwenda kwa wenzake wa zamani kule kwenye magofu nyuma ya mtaa wetu, maana hakuna mwingine ambaye angempokea.

Mama alipoamka alisimama mwenyewe. Alitembea hadi barazani akishika ukuta, akatabasamu njia nzima, akakikuta kigoda kitupu.

"Mwanangu yuko wapi?"

Nikamwambia ukweli. Nilijua atanitukana, hakunitukana. Nilipompelekea kidonge kingine alifumba mdomo.

"Mgongo hauumi, mama?"

"Unauma. Virudishe kwa daktari, kisha ufungue madirisha."

"Madirisha ya nini?"

"Acha nilie, asikie. Akijua humu ndani hamna kitu, atarudi."

Nikamwambia huo ni wazimu. Nilikuwa na hasira naye, na Fundi, na daktari, na nafsi yangu. Hata hivyo vidonge nikavirudisha, madirisha nikayafungua yote.

Mama analia tangu jana. Fundi hajaja.