Matundu Matatu Yaliyokataa

Niliuona mkono wa Baba ukishuka kwenye maji ya samaki, taratibu, shati limekunjwa hadi kwenye kiwiko, kama alivyozoea kupima uvuguvugu wa maji ya ndama. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilifungua kinywa, sauti haikutoka. Mwalimu wa fizikia, mtu wa kukemea darasa zima bila kuchoka, nikakosa neno moja la kumwambia baba yangu mzazi.

Ilikuwa Krismasi, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nyumbani kwetu Machame. Mchagga akae Dar, akae Mwanza, Desemba atapanda mlimani, na hapandi mikono mitupu. Mwenye gari huja na gari, aliyeoa huja na mke, aliyenunua friji huibeba friji hata kama Januari atairudisha alikoitoa. Lazima wazee waone. Tunaicheka desturi hii na sote tunaifuata. Mwaka ule mdogo wangu Jackson alileta samaki.

Lilikuwa tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, na samaki wa rangi ndani yake. Pamoja nalo kulikuwa na ekstensheni ambayo sijawahi kuona nyingine kama ile: matundu sita yanayopokea plagi ya aina yoyote, na ubavuni kompyuta ndogo iliyoamua yenyewe taa iwake lini, pampu ya hewa ivume lini, hita ipashe maji lini. Aliachiwa vyote na bosi wake Mzungu aliyefunga ofisi ya utalii mjini akarudi kwao. Katika chumba cha Jackson kule Pasua, mjini, kila kitu kilifanya kazi vizuri. Mtu mwenye akili zake angekiacha Pasua.

Lakini alitaka Baba aone, na nilijua kwa nini. Jackson alikuwa akiongoza wageni kupanda mlima. Alianza kwa kuwabebea mizigo, na kwa Baba hadithi iliishia hapo. Baba, Mzee Eliona, alikuwa mtu wa kahawa. Bei ilipoanguka majirani waling'oa mibuni wakapanda nyanya, yeye akaendelea kuipalilia yake kama mtu anayeuguza mgonjwa. Kila Krismasi alimuuliza Jackson swali lile lile mbele ya ukoo mzima: "Bado unabeba mizigo ya watu?" Watu walicheka, Jackson akacheka nao, halafu akatoka nje na kukawia huko.

Mwaka ule aliniambia njiani, tangi likiwa limezungushiwa magodoro nyuma ya pikapu, "Dada, leo akiniuliza tena, mimi hapa sirudi."

Hakuwa anatania. Nilimjua.

Tuliliweka tangi sebuleni juu ya stendi yake ya chuma. Taa ikawaka, mapovu yakapanda, watoto wakajazana. Jackson alisimama pembeni akitabasamu kama bwana harusi. Halafu matundu matatu ya upande mmoja yakafa, na hita ilikuwa upande huo huo. Taa ndogo nyekundu ikawaka kwenye kompyuta. Baridi ya Machame haijali kwamba ni Desemba, na samaki wale walizoea joto la mjini. Baada ya muda wakaanza kulala ubavu.

"Nitengenezee, Dada," Jackson akasema. "Watu wanakaribia kufika."

Nikapiga magoti. Kwanza niliulaumu umeme wenyewe, maana siku za sikukuu huwa mdogo, lakini taa ya upande wa pili iling'aa vizuri. Nikafungua fyuzi, nikaikuta nzima. Nikachomoa hita, nikabonyeza kitufe cha kurudishia umeme, nikaleta taa ya mezani. Tundu la kwanza, ikawaka. La pili, ikawaka. La tatu, ikawaka. Nikachomeka hita, na yote matatu yakafa tena.

"Umeona? Ekstensheni mbovu."

"Usiguse kitu, Jackson. Niache nifikiri kidogo."

Sikupata hiyo nafasi ya kufikiri. Baba mdogo Anaeli na watu wake walikuwa wameshaingia uani, na kwetu humwachi mkubwa bila kumwamkia eti unatengeneza tangi la samaki. Nikatoka. Shikamoo baba mdogo, shikamoo mama mdogo. Salamu za kwetu hazina njia ya mkato, utaulizwa habari za watoto, za shule, za shamba, mpaka za ng'ombe. Nilikuwa nimeshika mkono wa bibi mmoja, anataka kujua afya ya mume wangu, ndipo jibu likanijia.

Matundu yale hayakuwa yamefa. Yalikuwa yanakataa. Mtikisiko wa mawe ya barabara ya kupandia ulikuwa umeipasua hita, umeme ukawa unavuja majini, na ile kompyuta kila ilipouona unavuja iliukata. Tulichokuwa tukikiita ubovu ndicho kilichokuwa kikitulinda.

Nikauchomoa mkono wangu kutoka kwa bibi, nikakimbia.

Nilipofika mlangoni niliyaona yote kwa mara moja. Plagi ya hita ilikuwa ya Kizungu, isiyoingia ukutani kwetu. Jackson aliikata kwa kisu, akazichubua nyaya, akazitia tupu kwenye soketi ya ukutani na kuzibana kwa njiti za kiberiti, kama tufanyavyo sote plagi ikigoma. Hita ilikuwa inawaka. Sakafu ya saruji ilikuwa imelowa, na Baba alikuwa peku.

"Hebu shika, Baba," Jackson alikuwa anasema. "Yameanza kupata moto."

Tangu asubuhi Baba hakuwa amelitazama tangi lile. Sasa alikuwa amekunja shati.

Mkono ulipogusa maji hakupiga kelele. Mwili ulikakamaa, meno yakaumana, macho yakamtoka yakinitazama mimi. Sauti yangu ilikuwa bado haijarudi ila miguu ilirudi. Meni swichi ilikuwa nyuma ya mlango, nikaivuta chini kwa nguvu zangu zote. Redio ikanyamaza, na Baba akaanguka chini.

Nilidhani amekufa. Jackson alisimama na kiberiti mkononi, hawezi kuinama wala kukimbia. Kisha Baba akavuta pumzi moja ndefu yenye mkwaruzo, na nyingine.

Watu walikuwa wameshajaa mlangoni. "Kuna nini hapa?" Baba mdogo Anaeli akauliza, na macho yake yakahama kutoka kwa Jackson hadi kwenye zile njiti ukutani.

Ukoo wetu husamehe mengi. Lakini mtoto aliyekaribia kumuua baba yake siku ya Krismasi, hata kwa bahati mbaya, jina hilo angezikwa nalo. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alitucharaza kwa kusema tumesali kumbe hatujasali. Alipouza ng'ombe alimweleza mnunuzi kasoro za ng'ombe kabla ya kutaja bei. Katika maisha yangu yote sikuwa nimemsikia akisema uongo.

"Nimeteleza," alisema kutoka pale chini. "Sakafu ina maji, nikaangukia mkono. Nendeni mkaangalie nyama."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka alipoanguka. Jackson alifungua kinywa aseme. Baba akamtazama, naye akakifunga.

Mbuzi alipoiva ilibidi Baba agawe, maana hiyo ni kazi ya mwenye boma. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani, vidole havikunjiki. Baba mdogo alitaka kumpokea kisu, akakataa. Kwetu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni tusi, tunafundishwa hivyo tukiwa wadogo kabisa. Baba akakichukua kidari, nyama ambayo ni yake mwenyewe kila mwaka, akamnyooshea Jackson kwa mkono wa kushoto, kabla ya mtu mwingine yeyote. Jackson alipiga magoti, akakipokea kwa mikono miwili.

"Samaki wako wazima?" Baba akamuuliza.

"Wachache, Baba."

"Kula kwanza. Halafu ukawaangalie."