Mashine ya Dirishani

Mwanamke aliyekuwa akishona dirishani alikuwa keshatoka geti la kiwanda, mto wake wa kukalia kwapani. Walimwachisha kazi kwa sababu alichechemea kwenye mazoezi. Sasa alikuwa akienda zake barabarani, na alikuwa akitembea vizuri tu, kama mtu asiyeumwa na kitu.

"Wewe Mrefu, hamia pale," msimamizi alisema. Wafanyakazi walimwita Filimbi, maana filimbi haikumtoka shingoni hata akila. "Mashati hayajishoni."

Mrefu akabeba mkasi wake akahamia dirishani. Akavua kandambili, kama washonaji wote walivyozoea. Mguu mtupu ndio unaosikia mashine inataka nini. Pedali ilikuwa ya chuma, imelika katikati, imefanya bonde la unyayo. Mguu wake ukatulia mle kana kwamba ulipimwa. Akawasha, akakanyaga.

Kule barabarani yule mwanamke akayumba. Akainua mguu wa kulia, akashika ukuta. Mrefu akaachia pedali. Mwanamke akashusha mguu, akageuka, akakitazama kiwanda.

"Unaangalia nini huko? Kazi!" Filimbi akafoka.

Mrefu akakanyaga tena. Hakutazama nje.

Maumivu yalimwanza jioni ileile, akiwa anapanda ngazi za nyumba waliyopanga na mumewe. Chini ya kisigino, kama mtu anachoma sindano nene, anachomoa, anachoma. Yalimfuata akipika, akimwogesha mtoto, akifua. Kisha wakati zamu ya jioni inatoka kazini yakakatika ghafla, kama mtu kazima taa. Ikawa hivyo kila siku. Ila Jumapili aliamka mzima, akaenda sokoni na kurudi na kikapu kichwani.

"Mguu wako nao una siku ya mapumziko?" mumewe alimtania. Yeye mwenyewe hakuwa na kazi tangu gereji walipofunga, kwa hiyo hakucheka sana.

Muuguzi wa kiwanda aliubonyeza mguu, akaukunja, akaunusa kidogo.

"Mbona mzima? Viringisha chupa ya soda chini ya unyayo, asubuhi na jioni. Na mazoezi usikose."

Hayo mazoezi hufanyika uani kila asubuhi kabla ya kazi. Ofisi ilisema ni kwa ajili ya afya. Wafanyakazi walijua ni chekeche. Asiyeweza kuruka anakwenda nyumbani, na huko nje watu wenye miguu mizima wamejaa getini wakisubiri.

Siku moja, saa ya chakula, Mrefu alikuwa bombani ananawa. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Mara sindano ikaingia kisiginoni. Akashika bomba. Alipoinua macho alimwona Mama Kola, yule mzee anayeshona kola za mashati, amesimama kwa mguu mmoja, bakuli mkononi.

"Ni fundi wa mashine," Mama Kola alisema polepole. "Anaijaribu."

"Anajaribu nini?"

"Mashine yako. Nilikaa pale kabla hujaolewa wewe."

Mrefu akamtazama mguu. "Kwa hiyo nikikanyaga mimi..."

"Naumia mimi. Na yule aliyeondoka. Na wa kabla yake, nilimkuta sokoni kasimama kama korongo mbele ya nyanya za watu."

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

"Ungefanyaje, mwanangu? Usishone?"

Mrefu akafunga bomba.

"Asubuhi huwa zimezimwa, ndiyo maana tunaruka," Mama Kola akaendelea. "Lakini fundi akiamua kuja mapema, umekwisha. Mwenzako alimalizwa hivyo. Mimi siku ile nilijifanya natoa jiwe kwenye kandambili."

Asubuhi moja fundi alikuja mapema tena. Walikuwa wamepangwa mistari uani, Filimbi anahesabu, mikono juu, mikono chini. Mrefu alimwona kupitia dirishani ameinamia mashine na kopo la mafuta. Akamwona anavuta kiti. Ngurumo ikasikika, na mguu wa kulia ukakataa kugusa ardhi.

"Mrefu! Toka mbele. Ruka tukuone."

Akatoka akirukia wa kushoto. Nyuma yake Mama Kola akapaza sauti:

"Jamani, leo mguu mmoja! Zoezi jipya hilo!"

Naye akaanza kuruka. Aliye kando yake akafuata, kisha mstari, kisha uwanja mzima, kandambili zikipiga chini kwa pamoja. Filimbi akapuliza, akapuliza. Hakuna aliyesimama. Wengi walicheka. Baadhi hawakucheka, na Mrefu akawajua: mama wa vifungo, mfagiaji, mpiga pasi. Kisha akatazama chini. Pamoja na kiatu chake kinene, Filimbi alikuwa ameinua kisigino cha kulia.

Macho yao yakakutana. Jasho lilikuwa likimtiririka Filimbi.

Ndani fundi akazima.

"Rudini kazini," Filimbi akasema, na kisigino kikashuka.

Mama Kola aliachishwa kazi wiki hiyo kwa uchochezi. Sasa anauza mkaa mlangoni kwake, ameketi. Filimbi alipandishwa cheo akapewa kiti ofisini. Fundi yupo. Yule mwanamke wa kwanza hakuonekana tena barabarani. Mrefu alivumilia mpaka mvua zilipoisha, akaanguka kwenye mazoezi, akatolewa. Mumewe amepata kibarua cha kuosha magari. Mashine ilipakwa rangi mpya ikarudishwa dirishani. Pedali waliiacha, walisema bado ni imara. Anaikanyaga binti mmoja aliyechukuliwa getini. Mrefu hajawahi kumwona, ila anajua ni mwepesi, hapumziki, na siku nyingine huzidishiwa kazi mpaka usiku. Mrefu sasa anafagia shule upande wa pili wa mji, akiegemea fagio kila mara.

Jumapili hutembea vizuri.