Mate ya Mama Ambiyo

"Fungua mdomo, Mama. Haitauma."

Ambiyo alifungua. Kyule akaingiza kijiti chenye pamba na kukisugua ndani ya shavu lake, polepole, kana kwamba anasafisha yai. Akabadilisha glavu, akachukua kijiti cha pili kwa shavu la upande wa pili. Miaka kumi na tisa alikuwa amehudumia chumba cha maiti pale Kitengela, na majirani bado walimsalimu kwa kumpungia mkono kutoka mbali. Tangu mkewe afariki, huu ulikuwa uso wa kwanza wenye joto kuugusa.

Alivisimamisha vijiti vikauke.

"Si uvifunge tu kwa nailoni?" Ambiyo aliuliza.

"Nailoni inaweka unyevu. Vikioza, hatutajua kama aliye kwenye friji ni Sahal wako."

"Mimi najua! Lori liliungua Kisaju, na yeye alipanda lori siku hiyo na mbuzi zake. Nipe mtoto wangu, ndugu. Sisi Waislamu maiti hatulazi bila kuzika."

Mwili uliokuwa kwenye friji haukuwa na uso tena. Jino ambalo daktari alikuwa ameling'oa kwake lilishatangulia maabara, Nairobi, lilinganishwe na mate ya mama. Kyule alitazama sakafu.

"Nikikupa mtoto wa mwenzako, Mama, huyo mwenzako atalilia wapi?"

Vijiti vilipokauka, Kyule alivitia kwenye bahasha ya khaki, akaandika jina, tarehe na saa, akaifunga, akapitisha sahihi yake juu ya mshono. Koplo Wasike, polisi wa kesi ya lori, akaisaini pia na kuondoka nayo kwenda maabara.

Wiki tano zilipita. Kila Jumatatu Ambiyo alitoka Kajiado akaja kuketi kwenye ngazi za nje, na Kyule akampelekea chai ya maziwa. Hawakuongea mengi. Lakini Jumapili jioni, peke yake chumbani, Kyule alijikuta akipiga pasi shati la kesho yake.

Jumatatu ya sita karatasi ya maabara ilikuwa imefika. Akamsomea mara mbili.

"Si damu yako, Mama. Huyu si Sahal."

Ambiyo alishika ukuta. Akacheka kwa nguvu, kisha kicheko kikakatika katikati.

"Sasa wangu ako wapi?"

Kyule aliikunja karatasi, akaikunjua tena.

"Na huyu?" mama akauliza baadaye, akipangusa macho kwa mtandio. "Watu wake wamekuja?"

"Hakuna mtu amekuja."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Ambiyo alijitanda mtandio upya. "Basi nifungulie. Nikae na yeye kidogo."

Kyule akafungua mlango. Ndani mlikuwa na benchi moja fupi, mkabala na friji. Ambiyo akaketi, akainua viganja, akaanza kuomba dua kwa sauti ya chini. Kyule alibaki mlangoni, hajui kama aingie au aondoke. Bila kukatiza dua, yule mama akasogea hadi mwisho wa benchi, akamwachia nafasi.