Mjumbe wa Vyumba Vinne

Saa tatu kasorobo asubuhi, mjumbe wa nchi ya visiwa alisimama mbele ya ratiba ya mkutano wa mataifa kuhusu kupanda kwa bahari. Vikao vinne vingeanza saa tatu kamili, katika vyumba vinne. Nchi kubwa ilikuwa na wajumbe sitini. Visiwa vilikuwa na yeye.

Alikuja na sentensi moja tu: watu wahamishwe kabla visima vyao havijaingia chumvi. Jana, akiwa chumba cha kwanza, sentensi ilifutwa katika cha tatu. Hakuna aliyepinga, na kwa kanuni za mkutano, aliyenyamaza amekubali.

Alifunga kalamu yake, akagawanyika kuwa wanne.

Karani wa usajili aliwatazama mmoja mmoja. "Dada, kitambulisho ni kimoja kwa kila mjumbe."

"Mjumbe ni mmoja."

"Picha hii ni ya nani kati yenu?"

"Yangu," walijibu wote.

Karani akatoa nakala tatu, akawaonya kwamba kuponi ya chakula inabaki moja.

Siku nzima kibao cha jina la visiwa kilisimama wima, ishara ya kuomba kusema, katika vyumba vyote vinne. Kila sentensi ilipoguswa, alipinga. Kufikia alasiri hakuna kikao kilichovuka ukurasa wa pili, na mwenyekiti akaita kikao cha pamoja.

"Mheshimiwa, una dakika tatu. Mtagawana."

"Sekunde arobaini na tano kila mmoja," alisema yule wa chumba cha pili, aliyekuwa mwepesi wa hesabu.

"Hii ni fujo!" alifoka kiongozi wa ujumbe wa nchi kubwa. "Mtu mmoja anajaza ukumbi!"

"Ninyi mko sitini, bwana mkubwa, na mnasema neno lile lile."

Wakalimani walicheka kwanza, ukumbi ukafuata. Saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wamechoka na wana ndege za kuwahi, sentensi ilirudishwa.

Alimpigia mama yake simu.

"Ni yupi anayeongea?" mama aliuliza.

"Wa chumba cha nne, mama. Imepita! Wameiweka kwenye tanbihi."

"Ndiyo wapi huko?"

"Chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo."

"Na wameandika kabla visima havijaingia chumvi?"

"Kabla. Neno kwa neno."

"Hongera, mwanangu. Basi waambie wasituhesabu sisi. Kisima chetu kimeingia tangu juzi."