Upele wa Dobini

Kazi yangu ni kukunja mashuka. Tuko wanawake kumi na mmoja katika dobi kubwa linalofulia nyumba za wageni, na msimamizi wetu tulimpachika jina la Mama Kanuni, kwa sababu pembe za shuka zikipishana kwa upana wa kidole tu, atakurudisha ukunje upya.

Mwasho ulinianza katikati ya vidole. Nikadhani ni sabuni. Wiki mbili baadaye ulikuwa umepanda hadi viwikoni, na nyumbani mume wangu na watoto wetu wawili nao wanajikuna. Mume wangu akasema tumekuwa bendi ya wapiga gitaa.

Daktari wa zahanati alivitazama vidole vyangu mara moja akasema ni upele. Wahenga walisema Mungu humpa upele asiye na kucha. Sisi alitupa vyote viwili. Tukapewa dawa ya kupaka kuanzia shingoni hadi unyayoni, wote siku moja, turudie baada ya wiki, na nguo tuzifue kwa maji ya moto. Kisha akaniuliza kama kazini kuna mwingine anayejikuna. Nikasema sijui.

Nilijua. Aproni zetu ni za kupokezana: anayetoka zamu humvulia anayeingia. Lakini ningesema nini? Mwaka uliotangulia mwenzetu mmoja alionekana na mabaka shingoni, akaambiwa aende akapumzike, na mpaka leo anapumzika. Mume wangu hakuwa na kazi. Chungu chetu kilitegemea mashuka yale. Nikaufyata, nikavaa blauzi ya mikono mirefu, joto la pasi likinichemsha. Nyumbani tukapona. Haukupita mwezi mwasho ukarudi, maana nilikuwa nauvaa kila asubuhi pamoja na aproni.

Siri ya watu kumi na mmoja si siri. Ikamfikia meneja. Asubuhi moja akatupanga mstari mbele ya meza ya kukunjia, akaamuru tupandishe mikono ya nguo; atakayekutwa na upele aende ofisini akachukue barua. Nilikuwa wa pili. 

Meneja hakuwahi kumfikia wa kwanza. Mama Kanuni, aliyekuwa amesimama kando yake, alikuja akajiweka mwanzo wa mstari. Akafungua vifungo, taratibu, akaikunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko. Ngozi yake ilikuwa imechunika kuliko yangu.

"Anza na mimi, baba," akasema. "Barua yangu iandike kwanza."

Meneja akapigwa na butwaa. Mama yule ameliendesha dobi miaka kumi na tisa. Mashine zikigoma, huitwa yeye kabla ya fundi.

Akamweleza bila kupandisha sauti kwamba ukimfukuza mmoja leo, wenzake watazidi kuficha, na aproni zitaendelea kuusambaza upele. Tutibiwe wote siku moja, pamoja na watu wa majumbani mwetu, sare zichemshwe, na kila mtu awe na aproni yake.

"Ukitaka kufukuza, fukuza upele," akamalizia. "Hawa niachie."

Meneja alikuwa akijikuna kifundo cha mkono bila kujijua, na dada aliyekuwa nyuma yangu akauma mdomo asicheke. Mwishowe meneja akasema tulifunge dobi siku mbili, tutibiwe. Hakuna aliyepewa barua. Ila yule wa mabaka hakurudishwa. Mama Kanuni alimwombea mara mbili, akakataliwa.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwake, mimi na mume wangu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya shukrani. Akanikatisha.

"Usinishukuru sana, mwanangu. Mimi nilianza kujikuna kabla yenu wote. Pengine ndimi niliyewaambukiza. Nilinyamaza kwa woga, mpaka nilipokuona unatetemeka pale mstarini. Nikaona haya."



"Basi asante hivyohivyo, mama," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akaipokea. Mume wangu alimjazia mapipa yake ya maji, mimi nikamwanikia nguo, tukaaga jua likiwa bado juu. Siku hizi katika sala zangu namtaja Mama Kanuni kabla ya mume wangu, na mume mwenyewe ananisikia na hanuni.